Panga jipya jikoni: Vanishi itolewe au iachwe?

Mwezi uliopita nilinunua panga jipya. La zamani lilikuwa limelika kwa tupa mpaka limebaki jembamba, na nyumbani kwetu panga halina kazi moja. Linapasua mifupa ya supu, linafungua madafu, linakata miwa ya watoto na, mvua zikinyesha, linafyeka majani nyuma ya nyumba.

Dukani nilimuuliza muuzaji kama kuna lolote la kufanya kabla ya kuanza kulitumia. “Hapana dada, hilo liko tayari. Wewe kalinoe tu,” alinijibu huku akilifunga kwenye gazeti.

Jumapili yake nikalitumia kupasulia mifupa ya ng’ombe. Nilikuwa nimeshafika nusu ya beseni, mwanangu wa miaka saba akaniita. “Mama, hivi ni nini?” Alikuwa ameshika kipande cha mfupa chenye vigamba vyembamba vinavyong’aa, mfano wa ganda la ndani la kitunguu. Nikaligeuza panga. Karibu na makali palikuwa na mabaka: hapa panang’aa, pale pamechubuka. Ile ilikuwa vanishi ya kiwandani, na sehemu yake ilikuwa tayari kwenye nyama yetu.

Niliosha nyama upya, kipande kimoja kimoja, na supu ikaiva jioni. Katikati ya shughuli hiyo nilipata ushauri wa aina tatu. Jirani aliyekuja kuazima sufuria aliniambia nilichome panga kwenye jiko la mkaa, vanishi itaungua yote. Shemeji yangu, ambaye ni seremala, akasema ataniletea thina. Mama mkwe kwenye simu akacheka tu: “Mwanangu, sisi tumeyatumia hivyohivyo miaka yote, yanajisafisha yenyewe.”

Ushauri huo wote ulitolewa kwa nia njema. Lakini aina mbili kati ya hizo tatu zinaweza kumletea mtoto madhara makubwa kuliko vanishi yenyewe. Ndiyo maana wiki hii safu hii inazungumzia kitu ambacho kipo karibu kila nyumba, mjini na kijijini.

Vanishi ile ni ya nini?

Mapanga mengi, pamoja na visu vikubwa vya kukatia nyama vya bei nafuu, hutengenezwa kwa chuma cha pua chenye kaboni. Chuma hicho kinashika makali vizuri, hakivunjiki ovyo na mtu anaweza kukinoa mwenyewe kwa tupa. Kasoro yake ni moja: kinapata kutu haraka. Tone la maji likilala juu yake usiku mmoja, asubuhi unakuta alama ya rangi ya udongo.

Toka kiwandani hadi dukani panga linaweza kukaa miezi mingi ndani ya meli, bandarini na stoo, kwenye hewa yenye unyevu na chumvi. Ili lisifike likiwa limeshika kutu, mtengenezaji hulifunika. Wapo wanaopaka vanishi isiyo na rangi, wapo wanaopaka rangi kabisa, nyeusi au nyekundu au ya fedha, na wapo wanaopaka mafuta mazito au nta.

Kwa hiyo vanishi ile kazi yake ni kulinda chuma safarini na dukani. Haikuwekwa kwa ajili ya chakula, na mara nyingi kibandiko cha panga hakisemi imetengenezwa kwa kitu gani.

Kutambua ulichonacho ni rahisi. Pangusa bapa la panga kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kikitoka na utelezi, hayo ni mafuta. Kisha kwaruza kidogo kwa ncha ya msumari karibu na mgongo wa panga. Kama kinatoka kiunga chepesi au kigamba kinachopitisha mwanga, hiyo ni vanishi. Kikitoka kigamba chenye rangi, hiyo ni rangi.

Visu vya stenlesi kwa kawaida havina vanishi. Hivyo vinahitaji kuoshwa kwa sabuni na maji ya moto tu ili kutoa mafuta na vumbi la kiwandani. Visu vya jikoni vyenye rangi za kupendeza, ambavyo bapa lake lote limefunikwa ili chakula kisigande, navyo ni vingine. Usivikwangue. Utando wake ni sehemu ya kisu, na ukianza kubanduka ni afadhali kununua kingine.

Je, ina madhara tumboni?

Kwanza niwatoe hofu wazazi. Mtoto aliyemeza kigamba kimoja au viwili vya vanishi iliyokauka, kwa kawaida atakitoa chooni bila tatizo. Hakuna haja ya kumtapisha wala kumkimbiza hospitali usiku.

Hata hivyo, kutokuwa na madhara ya papo hapo hakumaanishi ni chakula. Panga linalopasua mifupa linapigwa kwa nguvu, na kila pigo linabandua vipande vidogo ambavyo jicho halivioni kwenye nyama nyekundu au mboga iliyokatwa. Familia inayotumia panga hilo kila siku inakula vipande hivyo kila siku mpaka vanishi iishe. Mama mkwe ana haki anaposema panga hujisafisha lenyewe. Swali ni uchafu huo unakwenda wapi, na jibu ni kwamba unakwenda sahanini.

Rangi ndiyo inayostahili tahadhari zaidi. Baadhi ya rangi za kupaka chuma zimekuwa zikitengenezwa kwa kuongezwa madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa ni salama. Watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi kwa sababu miili yao inafyonza risasi wanayoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima, na risasi hudhuru ubongo ambao bado unakua. Athari zake hazionekani siku hiyo. Huja polepole, mtoto anakuwa mzito wa kuelewa au mwenye tabia ngumu, na hakuna anayekumbuka kikopo cha rangi.

Huwezi kujua kwa kutazama kama rangi ya panga lako ina risasi au haina. Kwa hiyo kanuni ni kwamba panga lililopakwa rangi kwenye bapa halifai kukatia chakula, na rangi hiyo usiikwangue ikiwa kavu, maana vumbi lake ndilo linaloingia puani na kwenye vidole vya mtoto anayetambaa.

Kazi ya panga ndiyo inayoamua

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: itolewe au iachwe?

Panga la shambani, la kufyekea na kukatia kuni, liache na vanishi yake. Inalilinda na kutu, na itaisha taratibu kadiri unavyolitumia na kulinoa. Hakuna faida ya kiafya ya kuitoa.

Panga litakalogusa chakula, iwe nyama, samaki, nazi, mihogo au miwa, vanishi itolewe kabla ya siku ya kwanza. Si lazima utoe hadi kwenye mpini. Sehemu muhimu ni ile inayogusa chakula: makali yote, na bapa la pande mbili kwa upana wa vidole vinne kutoka kwenye makali, ingawa kutoa kote ndiyo bora.

Panga lenye rangi kwenye bapa libaki kuwa la shamba. Kwa jikoni tafuta jingine.

Lipo kundi la nne ambalo ndilo la nyumba nyingi, ikiwamo yangu: panga moja linalofanya kazi zote. Hapa ushauri wa kiafya ni kutenganisha. Panga la shamba linagusa udongo, samadi na majani yaliyopuliziwa dawa za wadudu au za kuua magugu. Kuliosha haraka kisha kulipeleka kwenye nyama ni kuleta shamba zima sahanini. Kama fedha hairuhusu mapanga mawili, la zamani liwe la nje na jipya la ndani, na uweke alama kwenye mpini, hata kwa kufunga kitambaa, ili kila mtu nyumbani ajue.

Na kama una watoto wadogo na huna muda wa shughuli nitakayoieleza hapa chini, kisu kikubwa cha nyama cha stenlesi kitakuondolea usumbufu wote. Kinaoshwa kwa sabuni na kuanza kazi siku hiyohiyo.

Namna salama ya kutoa vanishi

Vifaa vinavyohitajika vipo nyumbani: maji ya moto, magadi au bekingi soda, sabuni, stili waya, kitambaa kizee na ubao.

Chagua muda ambao watoto hawapo, au wapo na mtu mwingine wa kuwaangalia. Kama panga limeshanolewa, funga makali yake kwanza kwa kitambaa kinene au kipande cha boksi, na anza na upande wa mgongo.

Chemsha lita moja ya maji, epua, kisha weka vijiko vinne vya chakula vya magadi au bekingi soda. Usichemshie kwenye sufuria ya alumini kisha ukaongeza magadi humo humo, kwa sababu magadi yanakula alumini na kuipaka weusi. Hamishia maji kwenye ndoo au karai kwanza.

Laza panga kwenye ubao. Chovya kitambaa kwenye maji hayo, kizungushie kwenye bapa na uache kwa nusu saa hadi saa moja, ukiongeza maji ya moto kila kinapopoa. Mpini wa mbao usiuloweke, utavimba na kupasuka, na mpini uliolegea ni ajali inayosubiri siku yake.

Vanishi ikilainika, sugua kwa stili waya ukifuata urefu wa panga, kutoka mpini kwenda kwenye ncha. Usisugue kwa kukatisha makali, kwa sababu panga lenye sabuni linateleza na kidole ndicho kinachofuata. Vaa glavu nene kama unazo. Sehemu zilizobaki rudia tena. Vanishi ngumu inaweza kuhitaji mara mbili au tatu.

Utajua imeisha pale maji yanapotandaa sawasawa kwenye chuma bila kuacha mabaka, na chuma kinapokuwa na rangi moja ya kijivu. Maliza kwa kuosha na sabuni na maji ya moto, suuza, kausha papo hapo kwa kitambaa kikavu, kisha paka mafuta kidogo ya kupikia. Kama panga halijanolewa, noa sasa, kisha ulioshe tena ili kutoa vumbi la chuma.

Uchafu uliokwanguliwa usiumwage pale watoto wanapochezea wala karibu na kisima. Ukusanye kwenye gazeti na uuweke kwenye taka.

Neno moja kuhusu magadi: wapo watu wanaotumia kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Hiyo si magadi. Inaunguza ngozi, inaweza kupofusha jicho, na mtoto akiionja inaunguza koo na njia ya chakula kwa namna inayoweza kumwacha na ulemavu wa kumeza maisha yake yote. Isitumike kabisa kwa kazi hii.

Usilichome panga

Ushauri wa kuchoma ni maarufu kwa sababu unaonekana wa haraka. Una matatizo mawili.

La kwanza ni moshi. Vanishi au rangi inayoungua hutoa moshi wenye sumu, na jiko la mkaa mara nyingi lipo kibarazani au ndani, mahali watoto wanapocheza. Mtoto mwenye pumu anaweza kubanwa kifua kwa moshi huo. Kama rangi ina risasi, moshi wake unaibeba.

La pili ni la chuma chenyewe. Panga limepikwa kiwandani kwa joto maalumu ili liwe gumu na wakati huohuo lisivunjike. Ukilichoma kwenye mkaa unaharibu mpangilio huo, nalo linakuwa laini. Panga laini halishiki makali, na panga butu linamlazimisha mtu kutumia nguvu nyingi. Hapo ndipo linapoteleza na kumkata.

Thina, petroli na chupa ya maji

Ni kweli kwamba thina na asetoni, ile inayotumika kuondolea rangi ya kucha, hutoa vanishi haraka kuliko magadi. Mafundi wanazitumia kila siku. Lakini kwa nyumba yenye watoto, hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote.

Jioni ya Jumapili ile shemeji alitimiza ahadi. Aliniletea thina kwenye chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, haina kibandiko, akaiweka mezani na kuketi. Niligeuka kumchukulia chai. Nilipogeuka tena, mtoto wangu wa mwisho, mwenye miaka miwili na nusu, alikuwa ameshaikumbatia ile chupa na anazungusha kifuniko.

“Shemeji, samahani sana, hii hailali humu ndani,” nilimwambia. Aliondoka nayo, na hadi leo bado ananiomba radhi. Lakini kosa lilikuwa letu sote wawili, maana hata mimi niliipokea.

Mtoto wa umri huo hajui kusoma na hatambui harufu ya hatari. Anachojua ni kwamba chupa ile ina maji. Thina, petroli na mafuta ya taa ni vimiminika vyepesi. Mtoto akimeza funda moja, tatizo kubwa si tumbo bali mapafu. Akipaliwa au akitapika, kidogo tu kikiingia kwenye njia ya hewa husababisha nimonia kali.

Ndiyo maana mtoto aliyekunywa vitu hivi hatapishwi, kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula kwa imani kwamba yanaua sumu, kwani yanaweza kumfanya atapike. Mvue nguo zilizomwagikiwa, muoshe ngozi kwa sabuni na maji, kisha mpeleke hospitali mara moja pamoja na ile chupa ili mhudumu ajue alichokunywa. Kukohoa, kupumua haraka, kusinzia kusiko kwa kawaida au midomo kugeuka bluu ni dalili kwamba hakuna dakika ya kupoteza. Lakini hata akionekana mzima apelekwe, kwa sababu matatizo ya mapafu yanaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye. Kama kimemwingia machoni, mmiminie maji safi kwa dakika 15 au zaidi kabla na wakati wa kuelekea hospitali.

Hatari ya pili ni moto. Mvuke wa asetoni, thina na petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa au mshumaa ulio upande wa pili wa chumba, kisha moto unarudi kwa aliyeshika kitambaa. Asetoni hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata ikiwa baridi kama barafu.

Kwa hiyo kama ni lazima zitumike, kazi hiyo ifanyike nje, mbali na moto wowote na sigara, na mtu mzima mwenye glavu, kwa kiasi kinachotosha kulowesha kitambaa tu. Kinachobaki kirudi kwenye kopo lake la asili lenye kibandiko, kifungwe, na kihifadhiwe nje ya nyumba mahali penye kufuli. Kisiwekwe kamwe kwenye chupa ya maji, soda au juisi. Baada ya hapo panga lioshwe kwa sabuni na maji ya moto mara mbili kabla ya kugusa chakula. Petroli isitumike kabisa.

Baada ya vanishi, kutu

Panga lililotolewa vanishi limepoteza koti lake. Sasa wewe ndiye mlinzi wake, na kazi yenyewe ni ndogo: osha, kausha, paka mafuta membamba. Usiliache likilala kwenye beseni la vyombo.

Baada ya wiki kadhaa bapa litaanza kuwa la kijivu cheusi au la buluu nzito, hasa ukikata nyanya, maembe mabichi, malimau au nyama. Hiyo si sumu. Ni utando wa kawaida unaosaidia kuzuia kutu nyekundu. Kutu yenyewe ni ile ya rangi ya udongo inayoacha alama kwenye kidole. Isugue kwa stili waya na mafuta kidogo, au kwa majivu na limau kama walivyofanya bibi zetu, kisha osha na ukaushe.

Kumeza kutu kidogo hakumdhuru mtu. Tatizo lake ni kwamba chuma kilicholiwa na kutu kina vishimo, na ndani ya vishimo hivyo mabaki ya nyama na vijidudu hukaa bila kufikiwa na sabuni. Na kwa wale wanaoamini kwamba kutu huongeza damu kwa kuwa ni chuma: haitibu upungufu wa damu. Mtoto mwenye viganja vyeupe anahitaji kipimo na dawa kutoka kituo cha afya.

Pepopunda haitokani na kutu

Imani nyingine iliyoenea ni kwamba kukatwa na chuma chenye kutu ndiko kunakoleta pepopunda, na kwamba panga linalong’aa ni salama. Si kweli. Pepopunda huletwa na bakteria ambao mbegu zao zipo kwenye udongo, vumbi na kinyesi cha wanyama. Panga jipya lililogusa udongo linaweza kuziingiza kwenye kidonda sawa na lenye kutu. Hii ni sababu nyingine ya kutenganisha panga la shamba na la jikoni.

Dalili huanza kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia, wakati mwingine kidonda kikiwa kimeshapona. Taya linakaza na mgonjwa hawezi kufungua mdomo, kisha shingo, mgongo na tumbo vinakakamaa, na mshtuko wa misuli unaamshwa na sauti au mwanga mdogo tu. Ni ugonjwa unaoua hata mtu akiwa hospitali, na aliyepona hana kinga ya kudumu. Kinga ni chanjo.

Mtoto huipata ndani ya chanjo ya pamoja anapofikisha wiki 6, 10 na 14, na WHO inapendekeza dozi tatu za kuongeza nguvu baadaye utotoni na katika ujana. Wajawazito huipata kliniki. Wanaosahaulika ni kina baba na vijana wa kiume, ambao ndio washika mapanga wakubwa na hawana kliniki inayowaita. Baba, jiulize mara ya mwisho ulichanjwa lini.

Panga likikukata

Nawa mikono, kisha bana kidonda kwa kitambaa safi kwa nguvu na uinue sehemu iliyoumia. Bana kwa dakika 10 mfululizo bila kuchungulia, kwa sababu kila ukichungulia unabandua damu iliyoanza kuganda. Damu ikisimama na kidonda ni kidogo, kioshe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kisha kifunike.

Usipake mafuta ya taa, dawa ya meno, kahawa, majivu, udongo wala kinyesi cha ng’ombe. Majivu yanasafisha panga, lakini kwenye kidonda yanaingiza uchafu na kumzuia mhudumu kuona kina chake.

Nenda kituo cha afya kama damu haikomi baada ya kubana, kidonda ni kirefu au kimeachama, kipo usoni au kwenye kiungo, kimeingia udongo, au kidole kimekufa ganzi au hakikunjiki. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa dalili kwamba mshipa wa fahamu au kano imekatika, na inahitaji kushonwa mapema. Mwambie mhudumu chanjo yako ya mwisho ya pepopunda ilikuwa lini. Kidonda kichafu kinahitaji dozi nyingine kama imepita miaka mitano, na kisafi kama imepita kumi.

Kidole kikikatika kabisa, kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiweke kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, kisha mfuko huo uuweke kwenye maji yenye barafu. Kisigusane na barafu moja kwa moja. Kipelekwe pamoja na mgonjwa.

Mahali pa kulala panga

Nyumba nyingi panga hulala chini ya kitanda au nyuma ya mlango, kwa ajili ya usalama wa usiku. Ndipo hasa mtoto anapofika kwa urahisi. Liwe kwenye ala au lifungwe gunia makali yake, na litundikwe juu ambako mtoto hafiki hata akipanda kiti. Likianguka, liache lianguke. Ukimpa mtu, usimkabidhi mkononi. Liweke chini, yeye aliokote. Na watoto wasiachwe kufungua madafu au kukata miwa wenyewe kwa sababu tu wamewaona wakubwa wakifanya.

Mimi vanishi niliitoa Jumatatu asubuhi watoto wakiwa shule na mdogo akiwa kwa jirani. Ilinichukua saa moja na nusu, magadi ya mia mbili na stili waya mbili. Panga sasa linatundikwa juu ya kabati, lina kitambaa cheupe kwenye mpini. Lile la zamani, jembamba vile vile, limepewa kazi ya majani. Na thina imerudi karakana kwa shemeji, kwenye kopo lake.